Siku Burma Ilipozika Gazeti

Nasambu alikuwa na sauti ya kuudhi. Hakuna njia nzuri ya kuisema. Ilikuwa nyembamba, ya puani, na ilipanda juu bila kuombwa. Kwenye kiwanda cha peremende kule Industrial Area, alikokuwa kibarua, fomeni alimweka mwisho wa laini karibu na mashine yenye kelele kuliko zote, ili wafunikane. Kanisani, Mukuru kwa Reuben, mwalimu wa kwaya alimwomba kwa upole asimame nyuma na afungue mdomo tu, Mungu atajaza. Majirani wa ploti walisema huyu akitaka kuongea na watu wa kwao Bungoma hahitaji simu, afungue dirisha.

Lakini Jumamosi mchana, Soko la Burma, sauti hiyo hiyo ilikuwa mali.

Burma watu huenda kula nyama, na nyama haina haraka. Unachagua mguu au mbavu, unapimiwa, inapanda kwenye makaa, halafu unangoja. Unangoja mpaka unaanza kumchukia mbuzi. Mwaka huo wa tisini na sita, kulikuwa na mwenye bucha anaitwa Makokha, mtu wa Bungoma pia, tumbo la heshima na gumboti nyeupe. Makokha alinunua magazeti ya kufungia nyama. Mengi yalikuwa ya zamani, ya kununua kwa kilo, lakini moja lilikuwa jipya, la wiki hiyo, na jina lake Kibaraza. Sheria ya Makokha ilikuwa fupi: Kibaraza halifungi nyama kabla halijasomwa. Na kusoma ni kusoma kwa sauti, kwa benchi zote, maana gazeti ni moja na midomo ni mingi.

Siku moja msomaji wa kawaida, karani fulani wa reli, hakutokea. Makokha akauliza nani hapa amesoma. Nasambu, aliyekuwa amekuja kununua matumbo tu aende zake, akasema yeye alimaliza darasa la nane. Wakampandisha juu ya kreti ya soda. Alipofungua mdomo, wauza kuku upande wa pili wa soko waligeuka kuangalia nani anachinjwa.

"Sasa huyu ndiye msomaji," Makokha akasema. "Yule mwingine alikuwa anatunong'oneza kama anatutongoza."

Tangu siku hiyo kreti ikawa yake. Alitoka kiwandani saa ya nusu siku, akatembea mpaka Burma na harufu ya sukari iliyoungua kwenye nywele, akapanda, akasoma. Watu walinyamaza. Waliokuwa wanatafuna walitafuna polepole. Akishuka, alipewa kipande cha mbavu na Ndinda, mama wa Kikamba aliyekuwa akikata kachumbari pale pembeni, akamwekea pilipili bila kuuliza. Siku nyingine zote za wiki, kitu pekee ambacho watu walimwomba Nasambu ni anyamaze. Jumamosi walimwomba aendelee.

Kibaraza lenyewe halikuwa gazeti la kujivunia kwa sura. Lilianzishwa na walimu wawili wastaafu wa Jericho, likachapwa na mashine iliyokohoa, na wino wake ulikuachia kidole cheusi kama umepiga kura. Mawaziri humo hawakuwemo. Kulikuwa na ukurasa wa tano. Ukurasa wa tano ulikwambia nani amefariki Kayole na mkutano wa matanga unakaa wapi, mfereji upi umekauka, kitambulisho cha nani kimeokotwa, timu gani imefunga timu gani uwanja wa Kaloleni, kwaya ipi inatafuta mtu wa sauti ya nne. Watu wa Eastlands, mitaa hii yote ya mashariki ya jiji, walilifungua kutafuta majina yao, na waliyapata.

Halafu likauzwa.

Walimu walikuwa wamechoka, hao usiwaguse. Wa kulaumiwa ni aliyenunua, na aliyenunua ni kampuni ya Magodoro Sinzia, watu wenye ofisi mjini na zulia mpaka chooni. Hawakulinunua kwa sababu walilisoma. Walisikia tu kwamba Eastlands nzima hulifungua kila wiki, wakafikiria magodoro. Ni kama mtu anunue ng'ombe wa maziwa kwa sababu amependa ngozi.

Toleo lao la kwanza lilikuja karatasi nyororo, rangi kama keki ya harusi. Makokha alilishika kwa kucha mbili, akampa Nasambu. Ukurasa wa kwanza: godoro, na mwanamke juu yake anacheka peke yake. Ukurasa wa pili: njia bora za kulala. Wa tatu: gofu. Wa nne: nyota zako. Nasambu akafungua wa tano, na pale kwenye wafu na mifereji na kwaya, kulikuwa na godoro lingine, kubwa, limelala ukurasa mzima kama mlevi kwenye kochi la mwenyewe.

Akainua macho. Benchi zote zilikuwa zimemgeukia. Fundi wa viatu alikuwa ameinua mkono kunyamazisha wenzake. Makaa yalikuwa yanalia.

Nasambu aliona mambo mawili kwa mpigo. La kwanza, hapa hakuna cha kusoma. La pili, akisema hakuna cha kusoma, atashuka, na akishuka hakuna atakayemwita tena. Atarudi mwisho wa laini karibu na mashine. Atarudi nyuma ya kwaya kufungua mdomo tu.

Akakunja gazeti vizuri, akalisogeza karibu na uso.

"Ukurasa wa tano," akasema. "Mfereji wa kwa Reuben, ule wa karibu na zahanati, umefunguliwa tena tangu Alhamisi. Wakaazi wanaombwa kupanga foleni kama watu."

Ilikuwa kweli. Alikuwa amechota pale mwenyewe asubuhi hiyo, akasukumwa.

"Familia ya marehemu Ambaro wa Kayole inakutana kesho baada ya misa, nyuma ya kanisa, kupanga safari ya nyumbani."

Hiyo nayo ilikuwa kweli, aliisikia langoni mwa kiwanda. Akaendelea. Mechi ya Kaloleni, aliyosimuliwa na mchuuzi wa njugu. Mtoto aliyepatikana sokoni akila ndizi za watu. Alipomaliza, Makokha alipiga panga bapa kwenye meza, ambayo ndiyo makofi yake.

"Karatasi imebadilika, lakini gazeti bado ni gazeti," akasema.

Basi akanaswa. Wiki iliyofuata ilibidi apate habari nyingine, na nyingine. Akaanza kusikiliza. Kwenye foleni ya maji alisogea karibu na wanaosengenya. Langoni mwa kiwanda aliuliza habari za nyumbani na akangoja jibu mpaka mwisho. Kanisani alikaa nyuma, penye umbea. Watu waliomjua walishangaa, maana kwa mara ya kwanza maishani mwake Nasambu alikuwa amenyamaza siku sita mfululizo. Wengine walidhani ameokoka zaidi.

Kwingineko watu walikuwa wanatukana. Kayole wauza magazeti walirudishiwa nakala zimekunjwa mpira. Jericho kuna waliosimama mbele ya gari la Sinzia la kusambaza wakamuuliza dereva ukurasa wa tano ameuweka wapi, maskini dereva hata hajui kusoma gofu. Burma peke yake ndiko Kibaraza lilipendwa. Tena lilinunuliwa kuliko zamani, kwa sababu mtu akisikia jina la shangazi yake limesomwa, anaenda kwa muuza gazeti pale nje anachukua yake ya kuweka nyumbani. Na watu wanaonunua gazeti ili kuliweka hawalisomi. Wanalikunja, wanaliweka chini ya kitambaa cha meza, wanakaa na furaha yao.

Mpaka zamu ya Mzee Mbithi.

Mbithi alikuwa mchongaji vinyago, Mkamba wa Wamunyu, karakana yake si mbali na soko. Alichonga twiga na vifaru na alikuwa na vumbi la mti kwenye nyusi mwaka mzima. Jumamosi moja Nasambu akasoma, kwa sauti ile ya kupasua gilasi, kwamba binti wa Mzee Mbithi, Ndindi, amemaliza mafunzo ya uuguzi na amepata kazi hospitalini. Burma nzima ilimgeukia mzee. Mbithi akavua kofia, akaivaa, akaivua tena. Makokha akamkatia nundu bila kupima.

Mbithi alinunua nakala zote alizokuta kwa muuza gazeti. Akazifunga kwa kamba ya katani, akazituma kwa basi mpaka Wamunyu: moja ya mama yake, moja ya chifu, moja ya kanisa, moja ya shemeji yake aliyewahi kusema wasichana hawasomeshwi.

Jumamosi iliyofuata alikuja akiwa na miwani, na Mbithi huvaa miwani siku za vita tu. Nasambu alikuwa ameshapanda kreti.

"Mwanangu," Mbithi akasema, "kabla hujaanza. Habari ya Ndindi ilikuwa ukurasa wa ngapi?"

"Wa tano, mzee."

"Wa tano kuna godoro."

"Geuza upande wa pili."

"Nimegeuza. Upande wa pili kuna mto."

Benchi zikacheka kidogo, halafu zikaacha, kwa sababu mzee hakucheka.

"Nimepigiwa simu posta na shemeji," akaendelea. "Anasema wamelisoma kanisani, mbele ya watu wote, mstari kwa mstari. Ananiuliza ni lini Ndindi ameacha uuguzi akaanza kuuza magodoro. Anasema yule mwanamke wa ukurasa wa kwanza anayecheka kitandani, hata hafanani naye. Chifu ameniombea."

Mtu fulani nyuma alikohoa kicheko akakificha kwenye chai. Makokha akafuta mikono, akaja akachukua gazeti la siku hiyo kutoka kwa Nasambu, akalifungua mwenyewe. Akalipindua. Alikuwa na macho mazuri ya kusoma mizani.

"Nasambu," akasema, "iko wapi?"

Nasambu alibaki juu ya kreti. Kushuka kulikuwa vibaya, kubaki kulikuwa vibaya zaidi.

"Haiko," akasema, na kwa mara ya kwanza Burma ilibidi isogee ili imsikie. "Haijawahi kuwa. Tangu liuzwe, hakuna kitu humo. Nilikuwa nasema ya kichwa."

"Umekuwa ukitudanganya," fundi wa viatu akasema.

"Sijadanganya mtu."

"Umesimama hapo umeshika godoro unasoma matanga."

Kelele zikapanda. Mmoja alitaka kujua kama shangazi yake basi hakuandikwa. Mwingine alisema amebandika ukurasa ukutani, amebandika nini sasa. Nasambu aliangalia njia ya kutokea kati ya benchi mbili akaona ni nyembamba.

Ndinda ndiye aliyesimamisha mambo. Aliacha kukata vitunguu, akasimama na kisu mkononi, na mama mwenye kisu hupewa nafasi.

"Ngojeni. Mbithi, Ndindi ni nesi au si nesi?"

"Ni nesi."

"Nani alimwambia huyu msichana?"

Mbithi akafikiria. "Nilikuwa nakwambia wewe hapa. Wiki ile nyingine. Yeye alikuwa anakula."

"Basi ameyatoa kinywani mwako. Na maji ya Reuben, yalirudi hayakurudi?"

"Yalirudi," mtu akasema.

"Ambaro wa Kayole, tulimzika hatukumzika?"

"Tulimzika vizuri kabisa," Makokha akasema. "Nilitoa mbuzi."

"Sasa mwongo hapa ni nani," Ndinda akauliza, "huyu aliyesema ukweli bila karatasi, au hii karatasi?"

Makokha alilitazama lile gazeti mkononi, yule mwanamke wa godoro bado anamchekea. Hasira ya watu ilimwacha Nasambu polepole, ikahamia kwenye karatasi, na pale ikapata nyumba. Watu walikumbuka. Mmoja alikumbuka kitambulisho chake kilivyopatikana kwa sababu ya ukurasa wa tano. Mwingine alisema alipata mke kupitia tangazo la kwaya, kisha akasema hilo wasilihesabu. Wakawatukana Sinzia kwa Kiswahili, Kibukusu, Kikamba na lugha ya mtaa ambayo haina jina. Mtu akasema liteketezwe.

"Hapana," Makokha akasema. "Kwetu aliyekufa hachomwi. Kibaraza alikufa siku ile aliuzwa, na sisi tumekaa na maiti nyumbani tunaisomesha. Jumamosi ijayo tunazika."

"Nyinyi Waluhya," Mbithi akasema, akivua miwani. "Hamuwezi kupita wiki bila matanga. Mkikosa mtu mnazika karatasi."

"Wewe utachonga jeneza."

"Nitachonga. Lakini mjue Mkamba hachongi jeneza baya."

Na halikuwa baya. Mbithi alilitengeneza kwa mbao za masanduku ya chai, urefu wa gazeti likiwa limefunguliwa, akachonga twiga pembeni kwa sababu mkono wake haukujua kuacha. Jumamosi hiyo wakaja vijana wa isukuti kutoka Kaloleni na ngoma zao tatu. Kaburi lilichimbwa nyuma ya bucha, penye jivu. Wamama walijifunga leso, wakaanza kulia kwa mzaha, mmoja akakolea akalia kweli, alikuwa na yake. Wapita njia wakavua kofia. Wengine waliuliza ni nani, wakaambiwa ni Kibaraza, wakasema ooh, wakabaki kwa sababu kuna harufu ya nyama.

Nasambu alikuwa amekuja akiwa hajui anakuja kama nani. Wiki nzima hakulala vizuri. Makokha alimwita.

"Historia ya marehemu ni yako."

"Imeandikwa wapi?"

"Imeandikwa tangu lini wewe unasoma kilichoandikwa?"

Akapanda kreti na gazeti la Sinzia mkononi, kwa mazoea tu, ashike kitu. Na sauti ikarudi, yote, ya puani, juu kabisa.

"Marehemu alizaliwa Jericho, mtoto wa walimu wawili. Alikuwa mwembamba, mweusi kwa wino, na hakuwa na nguo ya rangi. Alijua mfereji wa kila mtu. Hakuna aliyepotelewa na mtoto akafukuzwa mlangoni kwake. Alitangaza matanga ya maskini sawa na ya mwenye gari. Baadaye alichukuliwa na tajiri wa magodoro, na tangu siku hiyo hakutoka kitandani. Alitutoka taratibu, anacheka peke yake, anaongea mambo ya gofu."

Ngoma zikajibu. Watu walicheka wakishika mbavu, za kwao na za mbuzi. Jeneza likashushwa.

Ni wakati huo huo mkokoteni uliingia kwa lango la soko, na juu yake kuna godoro jipya ndani ya nailoni, limefungwa utepe mwekundu. Nyuma ya mkokoteni alikuja kijana wa tai, anaitwa Mbuthia, jasho mpaka kwenye mkanda. Aliona jeneza dogo, akasimama. Akamwambia mwenye mkokoteni atulize magurudumu.

Watu wakamfungulia njia. Waluhya wanajua: matangani wageni hulala chini, na mtu anayekuja na godoro ni mtu wa karibu sana na familia.

"Poleni," Mbuthia akanong'ona kwa Mbithi, aliyekuwa karibu naye.

"Tumeshapoa."

"Alikuwa na umri gani?"

"Mdogo. Hajafika hata miaka mitano."

Mbuthia akalitazama lile jeneza na twiga wake pembeni. Uso ukamlegea. "Aliugua?"

"Ghafla. Alikuwa mzima kabisa, halafu akahamia kwa watu wengine. Hawakumlisha."

"Watu ni wanyama," Mbuthia akasema, na alikuwa anamaanisha. Ndinda akamwekea udongo kiganjani. Akasogea mbele, akainama, akautupa kaburini polepole kama mtu aliyelelewa vizuri, akabaki ameinamisha kichwa. Wamama wakampenda.

Makokha akachukua nafasi, maana yeye ndiye mwenyekiti. "Kabla hatujaenda mbele, desturi. Naona mgeni wetu ameleta godoro na ametupa udongo. Mgeni ajitambulishe, tujue amefiwa upande gani."

Mbuthia akakohoa. "Mimi naitwa Mbuthia, naishi Dandora. Sikuwa najua kuna msiba, mnisamehe. Nilitumwa tu hapa na kazi. Natoka Magodoro Sinzia, upande wa gazeti."

Ngoma ya mwisho, ile ndogo, ilijipiga yenyewe mara moja ikanyamaza. Watu waliangalia mgeni, wakaangalia kaburi, wakaangalia udongo kwenye kiganja chake. Kisha mtu akaanza, na kicheko kikapita Burma kama moto kwenye nyasi, wamama wakakaa chini, Mbithi akalazimika kushika ukuta. Mbuthia aligeuka kila upande akitafuta aliyekufa. Nasambu akamwonea huruma. Akashuka, akampa lile gazeti, akaonyesha shimo.

Ilimchukua muda. Alipoelewa, alifunika uso kwa kofia ya kampuni, na mabega yakaanza kutikisika, na watu hawakujua kama analia mpaka alipoifunua.

"Hata mama yangu," akasema, "huliwashia jiko. Mimi ndiye humletea."

Walimpa kiti na mbavu, na akiwa na mafuta mpaka kwenye kiwiko akaeleza. Mjini wamechanganyikiwa. Kila mahali Kibaraza linaoza kwa wauzaji, isipokuwa Burma. Wakubwa wakasema aende amtafute anayeliuza hivyo, ampe zawadi, na zaidi ya zawadi, ampe kazi. Kazi ya kuandikwa. Atapita sokoni na vituoni anasoma Kibaraza kwa sauti, mshahara kila mwezi.

"Ni huyu dada?" akauliza.

Makokha aligeuka akajishughulisha na makaa. Ndinda alikata nyanya ambayo ilikuwa imeshakatwa. Kila mtu pale alijua kibarua ni nini, na hakuna aliyetaka kumwambia mwenzake akatae mkate.

Nasambu alizitazama alama za sukari moto kwenye mikono yake. "Nitasoma nini?"

"Kilichoandikwa."

"Ukurasa wa tano utarudi?"

Mbuthia alianza kusema uongo wa ofisi, akaona jeneza, akaacha. "Sina uwezo huo. Wenye uwezo huo hawajawahi kufika Burma."

"Nikisoma godoro, halafu nikaongeza na matanga ya watu?"

"Hapo watakufuta, dada."

Ilikuwa kazi nzuri. Ilikuwa kazi ambayo mwalimu wa kwaya angeisikia na kujuta. Aliwaza kusimama kituoni na sauti yake yote, anawaambia watu waliofiwa jinsi ya kulala.

"Ndugu yangu," akasema, "udongo umetupa mwenyewe. Nimsomee nani maiti?"

Makokha akageuka haraka kutoka kwenye makaa. "Mmesikia. Aliyetupa udongo amekubali kwamba marehemu ni marehemu, na upande wao hauna boma tena hapa. Kawaida tungengoja siku ya kunyoa, ndipo urithi hugawanywa, lakini Jumamosi ni moja. Mrithi ni Nasambu. Kuna anayepinga?"

"Na godoro?" Mbithi akauliza.

"Mali ya marehemu. Inaenda kwa mrithi."

Mbuthia akasema hilo hana nguvu ya kulipinga, hasa kwa vile mwenye mkokoteni alikuwa ameshaagiza ugali. Nasambu alililalia godoro lile miaka mingi, mpaka likawa chapati, na kwa haki zote lilikuwa godoro zuri. Hakuwahi kusema vibaya juu yake. Alisema tu lilikosea kazi.

Lakini mchana huo bado kulikuwa na nyama kwenye makaa na watu kwenye benchi, na benchi zilianza kumwangalia kwa ile njia. Akapanda kreti. Mikono ilikuwa mitupu. Akaiweka kiunoni, ikaonekana ya ugomvi. Akaifunga nyuma, akaonekana kama anakariri shule. Mwishowe aliiacha ining'inie.

"Sina karatasi," akawaambia.

"Tunaona," fundi wa viatu akasema. "Soma."

"Nani ana habari?"

Wakaanza wote kwa pamoja, akawanyamazisha kwa sauti moja. Halafu akaona mkono umeinuliwa pembeni, wenye mafuta, wa Mbuthia.

"Kule kwetu Dandora," Mbuthia akasema, ameona haya kidogo, "kuna nyanya mmoja mzee amepotelewa na mbuzi. Tangu juzi. Mweupe, ana doa jeusi mguuni. Anampenda sana, analia. Ningeomba kama inawezekana isomwe."

Nasambu akavuta pumzi. Kabla hajaitoa, Makokha alikuwa ameacha kugeuza mbavu, uma uko hewani.

"Doa liko mguu gani?" akauliza.

"Nyamaza, Makokha," Nasambu akasema, na walisikia mpaka barabarani. "Habari haijaisha."